Safu Niliyoigeuza Mara Mbili

Jumatano, baada ya alasiri. Joto la kaskazi limekalia mapaa ya Mji Mkongwe tangu asubuhi na halina dalili ya kuondoka. Feni ya ofisi inazunguka lakini upepo wake hauufikii uso wangu. Sina hamu ya kula wala ya kuzungumza na mtu, ndiyo maana naandika hapa kwenye blogu, ambapo wasomaji ni wachache na wengi wao hawanijui kwa sura.

Leo nimemkosea mtu anayenipenda, na sina la kufanya.

Mtu mwenyewe ni Bi Mize, dada mkubwa wa mama yangu. Namwita Mama mkubwa. Anaishi Jambiani na analima mwani. Mama alipohamishiwa Pemba kikazi, yeye ndiye aliyenichukua nikamaliza sekondari nyumbani kwake, na kila asubuhi nilikuwa namwona anafunga kanga kiunoni, anajikanda goti la kulia kwa mafuta ya nazi, halafu anakwenda zake majini. Goti lile ni bovu tangu hapo na anaingia nalo majini mpaka leo.

Yeye na wenzake wanne wana mashamba yaliyopakana. Jumla yake ni mistari sita ya kamba iliyokazwa kwenye vijiti, na kila mstari unaanza karibu na ufukwe na kwenda hadi karibu na mwamba. Siku za bamvua, maji yanapotoka sana, mtu anatembea kwa miguu mpaka huko mwambani. Siku nyingine zote mwisho ule wa shamba uko chini ya maji mengi, na hakuna hata mmoja wao anayejua kuogelea.

Mwaka jana walikuwa na swali moja tu. Mwani ukipata maji ya moto sana unakuwa mweupe, unalegea na kukatika. Miguu yao ilikuwa ikiwaambia kwamba ufukweni ni moto kuliko mwambani. Lakini kuhamishia mbegu yote mwambani ni adhabu, hasa kwa mwenye goti kama lile, kwa hiyo walitaka kuhakikishiwa kwamba tofauti ipo kweli. Bi Mize akaniuliza mimi, kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye mtu wa kompyuta.

Nikamwambia anipe namba, mengine aniachie mimi.

Nikiri kitu hapa. Kazi ile ingefanyika kwa daftari la miraba na penseli, au kwa jedwali la kawaida analolijua kila karani. Mimi nilikuwa najifunza lugha mpya ya kuandikia programu, moja ya zile zinazopitia kwanza kwa kompaila: programu nyingine inayosoma yote uliyoandika, inakukaripia penye kosa, halafu inayageuza kuwa maagizo ya mashine. Ni lugha ya haraka na yenye ukali. Kazi yangu ya kila siku ni programu za mapokezi ya hoteli, nani kafika na nani kaondoka, na imenichosha kuliko ninavyopenda kusema. Namba za Mama mkubwa nikaziona ni uwanja wa kujionyesha.

Nikampelekea kipimajoto. Tukakubaliana kila mstari uwe na vituo vitano, kuanzia ufukweni hadi mwambani, kwa hiyo kila siku ya kupima inatoa namba thelathini. Anaziandika kwa penseli kwenye daftari analolitia ndani ya mfuko wa nailoni na kulining'iniza shingoni. Simu haendi nayo majini tangu ile ya kwanza ilipomtoka mkononi ikazama. Akirudi nyumbani anakaa barazani, anafungua daftari, ananisomea namba zote kwa ujumbe wa sauti, na mimi ninaziandika kwenye kompyuta.

Sasa nieleze kidogo kilichonilevya, maana bila hiki mengine hayaeleweki.

Namba ndani ya kompyuta zinakaa kwenye mstari mmoja mrefu, kama punje za tasbihi. Kompyuta haijui shamba, haijui ufukwe wala mwamba. Wewe ndiye unayeiambia: zitazame punje hizi kana kwamba ni siku kumi na nane, kila siku ina mistari sita, kila mstari una vituo vitano. Hapo hakuna punje iliyosogea. Umefungua dirisha tu la kuzitazamia. Ukitaka unalibadilisha umbo dirisha lile ukaona mistari mia na nane bila siku, au ukaona siku kumi na nane zenye namba thelathini thelathini. Lugha inakuuliza jambo moja tu, hesabu ya punje inalingana? Ikilingana, inakupisha.

Nilipenda mno. Nilikaa siku mbili nzima nalikunja na kulikunjua dirisha, pande mbili, pande tatu, pande mbili tena, na kila mara namba zinatii. Nilijiona nimeijua bahari yote ya Jambiani, nami niko kwenye kiti Mji Mkongwe.

Jibu lilipotoka lilikuwa rahisi. Nilichukua wastani wa kila kituo, cha kwanza ufukweni hadi cha tano mwambani, na wastani zote tano zilikuwa karibu sawa. Nikaandika karatasi moja, nikaitia plastiki isiharibike kwa maji ya chumvi, nikampelekea mwenyewe kwa mkono. Iliandikwa: joto ni sawa ufukweni na mwambani, hakuna haja ya kuhama.

Akaitundika ukutani juu ya kabati, karibu na kalenda. Wageni walikuwa wanaonyeshwa.

Wote watano wakabaki ufukweni. Kaskazi ikaja. Mwani wao ukawa mweupe, ukalegea, ukakatika vipande vipande na kuchukuliwa na maji, mpaka mbegu ya kupandia tena ikaisha. Wenzake wanne wameacha. Mmoja siku hizi anauza ndizi sokoni Mwanakwerekwe, na mara ya mwisho nilipokutana naye alinifungia chane ya ndizi za mkono wa tembo na kukataa nisimlipe. Bi Mize hakuacha. Alihangaika mpaka akapata gunia moja la mbegu kwa jamaa zake wa kijiji kingine, akalileta nyumbani, akasubiri bamvua.

Gunia hilo ndilo lililobaki. Likifa, na yeye kilimo cha mwani kimemwisha.

Leo saa tatu kasorobo asubuhi alinipigia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Zuhura, nnakwenda kufunga mbegu yangu. Leo ndo mwisho wa bamvua."

Nikamuuliza anafungia wapi.

"Ufukweni. Si karatasi yako ndivyo ilivyosema? Na namba ntakupimia, nikenda na nikirudi, kama siku zote. Haya mwanangu, maji hayaningoji."

Nikamwombea dua, akakata simu.

Nilikuwa namimina chai ndipo neno lake moja likanirudia. Nikirudi. Anapima akirudi?

Niliiweka birika chini nikafungua ujumbe wake wa zamani wa sauti, wowote uliokuwa karibu. Sauti yake, polepole, kuku wanasikika nyuma yake. Thelathini na mbili. Thelathini na moja na nusu. Thelathini na moja. Thelathini. Ishirini na tisa na nusu. Halafu akasema, wazi kabisa, "Hapo nshafika mwambani. Haya, nageuka." Na namba iliyofuata ilikuwa ishirini na tisa na nusu nyingine.

Nikafungua ujumbe mwingine. Nageuka. Na mwingine. Nageuka. Katika kila ujumbe, kila mwisho wa mstari, alikuwa ameniambia. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa mwendo wa mara mbili ili nimalize upesi, na chochote ambacho si namba nilikiruka. Kuku, kikohozi, salamu zake kwa watu wa Mpendae ninakoishi, na hilo.

Bila shaka anageuka. Kila mkulima wa mwani hutembea hivyo. Akimaliza mstari wa kwanza kule mwambani, anavuka hatua chache hadi mstari wa pili na kurudi nao ufukweni. Nani afike mwisho wa shamba, arudi mpaka mwanzo bila kufanya kitu, ndipo aanze mstari mwingine? Na maji yenyewe ni ya saa chache. Nimeishi nao miaka minne, nimewaona wakitembea hivyo asubuhi ngapi, na bado nilikaa kwenye kompyuta nikaandika dirisha linalodhani kila mstari unaanzia ufukweni.

Kwa hiyo mistari ya pili, ya nne na ya sita yote nilikuwa nimeisoma kinyume. Baridi ya mwambani niliiandika ufukweni, na moto wa ufukweni nikauandika mwambani. Nilipochukua wastani, nusu ya moto ilikutana na nusu ya baridi kila kituo, vikafutana. Ndiyo maana kila mahali palikuwa sawa.

Wakati huo ilikuwa saa tatu na robo. Labda bado alikuwa anajikanda goti. Ningeinua simu saa ile angepokea.

Sikuinua.

Nilijiambia nihakikishe kwanza. Mtu wa kompyuta hasemi mpaka amehakikisha, ndivyo tunavyojisifu. Lakini kwa kuwa naandika mahali pa ukweli, niuseme wote: nilikuwa natumaini kwamba nikihakikisha nitakuta sikukosea. Nilikuwa nimeanza kuwaona akilini wale wanawake wanne, mmoja mmoja.

Nikaandika kipande kifupi cha kuigeuza mistari ile mitatu. Kwanza nikakijaribu: nikafungua dirisha juu ya safu ya namba, nikageuza mistari ya pili, ya nne na ya sita kwa siku zote, nikaagiza ionyeshe siku ya kwanza nione kama imekaa sawa. Kisha chini yake nikaandika hesabu yenyewe: nikafungua dirisha jipya, nikageuza mistari ile ile, nikachukua wastani. Kompaila haikunikaripia hata neno moja. Programu ikakimbia na kumaliza kabla sijaondoa kidole.

Nikakimbilia jibu la chini. Wastani zote tano zilikuwa karibu sawa, kama mwanzo.

Nilifurahi. Naona haya kuandika hivi, lakini nilifurahi kiasi cha kusema alhamdulillahi kwa sauti. Nilijiambia, basi hata ukigeuza jibu ni lile lile, mwani umekufa kwa sababu nyingine, karatasi yangu haina hatia. Nikafunika kompyuta bila kuizima, nikashuka ngazi za mbao, nikaenda kula urojo kwa mama mmoja karibu na hapa. Niliomba aongeze bajia na kachori. Nikapita Forodhani, mchana kweupe, meza za wauza pweza zikiwa bado zimekunjwa, nikakaa kivulini kwenye ukuta natazama paka. Nilikuwa mwepesi. Hata niliwaza kuandika hapa kwenye blogu, kwa majivuno kidogo, namna nilivyojikagua.

Saa mbili zilipita hivyo. Katika saa mbili gari linatoka mjini, linafika Jambiani, na linabakiwa na muda.

Nilirudi saa tano na nusu. Nikafungua kompyuta ili nifunge kazi, na katika kupandisha ukurasa nikaiona ile siku ya kwanza niliyoagiza ionyeshwe kwenye jaribio, ambayo nilikuwa sijaitazama. Mistari yote sita ilikuwa imekaa vizuri. Yote inaanza na moto ufukweni na kushuka taratibu mpaka baridi ya mwambani. Hakuna mstari hata mmoja uliokwenda kinyume. Na chini yake, wastani zinazosema hakuna tofauti.

Vitu viwili vile haviwezi kuwa kweli kwa pamoja.

Nilielewa mara moja, na kuelewa kwenyewe kulinichoma. Dirisha si nakala. Nimelisoma hilo, nimewaelekeza wengine, nimelisema mbele ya watu kwenye mkutano wa vijana wa kompyuta. Ukifungua dirisha jipya juu ya safu, hujapata namba mpya. Ni tasbihi ile ile moja. Nilipogeuza mistari kwenye jaribio niligeuza punje zenyewe, zikakaa sawasawa. Nilipogeuza mara ya pili kwenye hesabu, nilizirudisha kwenye kosa la mwanzo. Programu haikuvunja sheria hata moja. Ilifanya nilichoiambia, mara mbili.

Nikafuta mgeuzo mmoja, nikaendesha tena. Tofauti ilikuwa wazi kama mchana: kila kituo unachosogea kwenda mwambani joto linapungua, siku zote kumi na nane bila kukosa. Miguu yao ilikuwa sahihi tangu mwaka jana.

Nikaanza kupiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Najua simu ile inapokaa asipokuwepo, juu ya kabati, chini kidogo ya karatasi yangu ya plastiki. Nilipiga mara saba nikijua kwamba inailia karatasi.

Ndipo nikamkumbuka Makame, mwenye duka la jirani yake. Nikampigia. Nilimwamkia, nikamwomba kwa hisani yake amwite Bi Mize, ni jambo la haraka.

"Bi Mize yuko pwani, na maji leo yametoka mbali," alisema. "Kuna msiba?"

Nikasema hakuna msiba, ni mbegu. Asifunge mbegu ufukweni, aipeleke mwambani. Akaniuliza tena kama hakuna msiba. Halafu akasema ngoja, afunge duka.

Alinirudia baada ya nusu saa, anahema. "Nimekwenda mpaka ukingoni. Nimeita, upepo unanirudishia sauti mwenyewe. Nikarudi dukani nikachukua kanga, nikampungia."

"Akakuona?"

"Kaniona. Kanipungia na yeye." Nikamsikia akifungua tena duka. "Miye mguu huu wa kisukari, daktari kanikataza maji ya bahari, dada. Ningemfata. Na watoto wa kuwatuma wote wako skuli."

Nikamshukuru. Nilimwambia amefanya zaidi ya kutosha, na ni kweli.

Nilishuka ngazi nikasimama barabarani natafuta gari. Nikapiga hesabu. Ningefika saa saba na zaidi, maji yakiwa yanarudi, mbegu imeshafungwa. Nikapanda ngazi tena. Kwa zaidi ya saa mbili sikufanya kitu chochote cha maana. Nilisafisha vikombe. Nilibadilisha majina ya vitu ndani ya programu yawe mazuri zaidi. Niliposhtuka najikuta nachagua jina kati ya mawili, nikaifunga kompyuta na kuisukuma mbali.

Saa tisa kasoro dakika chache akanipigia.

Nilimwambia yote. Sikuzunguka. Nilisikia anajimiminia maji miguuni kwa kata, anasugua mchanga, anamimina tena. Nilipomaliza, akaiweka kata chini.

"Kwa hivyo mwambani ndo kuna baridi," akasema.

"Ndiyo, Mama mkubwa."

"Miguu yangu ilikuwa ikinambia. Hata leo nlipopima imenambia. Nkasema, miguu mizee hii, na karatasi kaiandika mwanangu."

Akaendelea yeye, kwa sauti ile ile anayotumia kunieleza bei ya samaki. Mbegu yote iko ufukweni. Ameifunga mwenyewe, kamba kwa kamba. Kuanzia kesho maji hayatoki sana, mwambani hapafikiki kwa miguu mpaka bamvua nyingine, na hiyo bado siku nyingi. Kwa joto hili, mbegu haifiki siku hiyo ikiwa hai.

Nikasema tukodi ngarawa, tuibebe mbegu tuipeleke. Akacheka kidogo, bila uchungu, na hilo likaniumiza zaidi.

"Tukishafika? Nani ataingia chini ya maji akafunge? Miye na weye?"

Mbegu inafungwa kwa vidole, kifundo kimoja kimoja, mtu amesimama. Najua. Niliwahi kumsaidia.

Kisha akaniuliza kosa lilikuwa wapi hasa. Nikamweleza kwamba yeye akifika mwambani anageuka, na mimi programu nimeiandika kana kwamba hageuki. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa makini, kama alivyokuwa akinisikiliza zamani nikimsomea barua za mama.

"Basi," akasema, "ntakuwa sigeuki. Nikimaliza mstari ntarudi mpaka ufukweni, ndo nianze mwengine. Si ndivyo itakavyo kompyuta yako?"

Kwa goti lile. Ndani ya maji, mistari sita, kwenda na kurudi bure, ili dirisha langu liwe sahihi.

Nililia, na nilijitahidi asisikie, na nadhani alisikia. Nikamwambia hapana, asibadilishe kitu chochote, atembee kama alivyozoea, kosa ni langu mimi. Akasema haya. Akasema pia karatasi ataiacha pale pale ukutani kwanza, mpaka nimletee nyingine, maana ukuta utabaki na alama. Halafu akasema namba za leo ameshanipelekea, nikiwa na nafasi nizisikilize.

Ujumbe wake uko hapa. Nimekaa nao tangu alasiri bila kuugusa. Nilijua kilichomo: leo alitembea mistari yote sita, akapima, akaandika kwa mkono wake kwamba mwambani kuna baridi, kisha akarudi ufukweni akafunga mbegu pale nilipomwambia.

Nimeufungua sasa hivi. Mwendo ulikuwa bado kwenye mara mbili, kama nilivyouacha. Nimeurudisha kwenye moja. Sikutumia kompyuta, nimechukua daftari. Thelathini na tatu. Thelathini na mbili. Thelathini na moja. Thelathini. Ishirini na tisa. Kuku wanapita. Anakohoa. "Hapo nshafika mwambani. Haya, nageuka."

Chini ya ishirini na tisa nimeandika: kageuka. Kisha nikaendelea na mstari wa pili, kutoka mwambani kuja ufukweni, mpaka mwisho, hata pale aliponiambia nisalimie watu wa Mpendae.

Kesho maji hayatatoka mpaka mwambani. Mbegu iko ufukweni, pale nilipoiambia ikae.